Kujitolea Nje ya Nchi Kukarabati Majengo ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Bagamoyo

Majibu haya ni kwa vijana wa Dunda, Magomeni, Kaole na kwingineko Bagamoyo wanaotaka kwenda nje ya nchi kujitolea katika ukarabati wa majengo ya kale. Ni kwa wazazi wao pia, ambao mara nyingi huuliza maswali magumu kuliko vijana wenyewe. Ukiwa na haraka, soma kwanza jibu la saruji na chokaa, kisha jibu la pesa.

Kazi yenyewe ni ipi hasa?

Ni kazi ya mikono. Utachanganya chokaa na mchanga, utabeba mawe, utachokonoa viungo vya ukuta vilivyooza na kuvijaza upya, utachonga, utaezeka, utakata magugu. Pia utapima, utachora na kupiga picha kila kitu kabla hakijaguswa. Kambi ya kawaida huchukua wiki mbili au tatu. Watu wapatao kumi hadi ishirini kutoka nchi mbalimbali hufanya kazi saa tano au sita kwa siku chini ya fundi mwashi au seremala, na jioni hupika na kuosha vyombo kwa zamu. Anayedhani huu ni utalii atachoka siku ya pili.

Mtindo huu una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya watu wa mataifa mbalimbali katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, kujenga upya makazi yaliyobomolewa na Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, waliokuwa maadui wa Wafaransa miaka miwili tu kabla ya hapo. Kutokana na juhudi ile likazaliwa shirika la Service Civil International, ambalo lipo hadi leo, na kambi za kazi zikaenea duniani.

Kwa nini niende mbali wakati magofu ya Kaole yako hapa hapa yanaliwa na mvua?

Ni swali la haki. Kaole ina misikiti miwili, mkubwa wake ukiwa wa karne ya 13, na makaburi ambayo baadhi yana nguzo ndefu za mawe. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1897, na mvua za El Niño za mwaka 1997/98 ziliangusha sehemu yake. Mji Mkongwe wa Bagamoyo una nyumba ambazo milango yake ya nakshi bado imesimama huku dari zake zimeshaingia ndani. Kazi ipo tele nyumbani.

Kinachokosekana ni mafundi. Mapenzi tunayo: mtoto wa shule ya msingi hapa anaweza kukueleza kwamba mwili wa David Livingstone ulilazwa katika kanisa la misheni Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Lakini tafuta hapa mjini kijana wa miaka ishirini na mitano anayejua kuzima chokaa, kuilaza na kuipaka kwa tabaka, au anayejua kubadilisha boriti moja bila kuangusha dari nzima. Ni wachache mno. Wazee waliojua wanaondoka, na ujuzi wa mikono hauandikwi ukaisha.

Kukosa ujuzi huo kuna gharama ya damu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka huku kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walikufa. Jengo la kale likichoka halisamehe, na kulitibu kunahitaji watu waliosomea kwa macho na kwa vidole.

Wenzetu wametunza njia za kurithishana ujuzi huo. Huko Guédelon, Ufaransa, tangu mwaka 1997 wanajenga ngome mpya kabisa kwa zana na njia za karne ya 13, ili tu waelewe jinsi mafundi wa zamani walivyofanya. Watu waliwashangaa. Kisha kanisa la Notre-Dame la Paris likaungua tarehe 15 Aprili 2019, paa lake lote la mbao likateketea, na miongoni mwa waliolichonga upya kwa shoka walikuwamo maseremala waliopitia Guédelon. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Ndiyo sababu ya kwenda: ukaone mahali ambapo kijana anafundishwa kazi ya kale kama kazi ya leo, halafu urudi nayo.

Kama nia yako ni kupiga picha ukiwa umevaa koti, ni bora nafasi hiyo aipate mwingine.

Tatizo la saruji ni nini? Mbona kila mtu anatumia?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, nami nitalijibu kwa kirefu.

Majengo yetu ya pwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yale yale. Mawe huchomwa kwenye tanuri hadi joto la takribani nyuzi 900, hewa ya kaboni iliyomo ndani yake inatoka, yanabaki mabonge meupe mepesi. Mabonge hayo yakizimwa kwa maji hugeuka uji mzito. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, polepole, kwa miezi na miaka, hurudisha hewa ya kaboni ile ile kutoka angani na kuwa jiwe tena. Ukuta unakuwa kitu kimoja, jiwe na kiungo chake.

Ukuta wa namna hiyo unapumua. Maji ya mvua na unyevu wa ardhini huingia, jua likitoka hutoka. Chokaa pia ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo ukuta ukisogea kidogo, kinachopasuka ni kiungo, na kiungo unaweza kukijaza upya kwa mwiko na nusu siku ya kazi.

Sasa chukua saruji. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824. Aliyejenga msikiti wa Kaole hakuijua. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Ukipaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani, unyevu uliomo ndani unakosa pa kutokea. Sisi tuko ufukweni, unyevu wetu umejaa chumvi. Chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, inakauka na kuwa fuwele, fuwele zinavimba na kusaga jiwe kutoka ndani. Kwa nje ukuta unapendeza mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha lipu inadondoka bamba zima, na inapodondoka inaondoka na uso wa jiwe. Tembea barabara ya zamani ya Mji Mkongwe, utaona mwenyewe kuta zilizokatika hivyo usawa wa magoti.

Nondo nazo ni vilevile. Chuma karibu na bahari kinashika kutu, kutu inavimba, ukuta unapasuka. Dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu: urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ukitoa boriti ukaweka zege, umeutwisha ukuta mzigo ambao haukujengwa kuubeba.

Watu wanatumia saruji kwa sababu inapatikana duka la jirani, inashika siku hiyo hiyo na kila fundi anaijua. Siwalaumu. Lakini kijana akienda nje akarudi akijua chokaa tu, na asijue kitu kingine chochote, safari yake imeshalipa.

Majengo ya Ulaya si ya matumbawe. Ninachojifunza huko kitafaa hapa?

Chokaa ni chokaa. Jiwe lao linaweza kuwa la chokaa, la mchanga au la volkano, na baridi ya barafu inayopasua kuta zao sisi hatuna. Lakini kusoma ukuta ni kule kule: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, ufa huu ni wa zamani au bado unatembea, jiwe lipi linabeba na lipi limekaa tu. Kutumia timazi, kuchagua mchanga, kulowesha ukuta kabla ya kupaka, kufunika kazi isikauke haraka, hayo yote utayahamisha yalivyo. Hapa jua ni kali zaidi, kwa hiyo utafunika zaidi na kulowesha zaidi.

Utajifunza pia adabu ya kazi hii, ambayo iliandikwa katika Hati ya Venice ya mwaka 1964: ukarabati unaishia pale kubahatisha kunapoanzia. Kama hujui nguzo ya kaburi ilikuwa na urefu gani, huiongezi kwa kukisia. Unaiimarisha ilipo, unaandika, unaiacha.

Lazima iwe Ulaya?

Hapana, na kwa wengi ningeshauri waanzie karibu. Lamu nchini Kenya, mji ulioingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, bado una mafundi wa chokaa, wachonga milango na watu wanaoishi ndani ya nyumba za matumbawe. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Lugha ni yako, chakula ni chako, na jiwe ni lile lile la kwako. Nani atakufundisha tumbawe vizuri kuliko fundi wa Lamu?

Na ndani ya nchi kuna Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia orodha hiyo mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kulinda ufukwe. Wananchi wa visiwani walikuwa sehemu ya kazi ile. Kijana wa Bagamoyo aliyewahi kuchanganya chokaa Songo Mnara akiomba nafasi Ufaransa, barua yake itasomwa kwa jicho jingine.

Nianzie wapi hapa nyumbani?

Nenda ofisi ya Mambo ya Kale ya hapa mjini, jitambulishe, uliza lini kuna kazi ya usafi au ukarabati unayoweza kusaidia. Usiingie gofuni na panga kwa nia njema. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuyagusa bila idhini ni kosa. Kuna sababu ya kitaalamu pia: mti ukiota juu ya ukuta, mizizi yake huwa imeshika mawe. Ukiung'oa, unang'oa na ukuta. Hukatwa kwa uangalifu, mzizi ukaachwa ufe wenyewe, au ukatolewa kidogo kidogo huku tundu likijazwa.

Tafuta fundi mzee. Mwamkie, kaa naye barazani, mwombe akuchukue kama kibarua hata kwa wiki mbili. Kama unaweza kusoma uashi au useremala VETA, soma. Kambi nyingi za nje hazidai ujuzi, lakini anayejua kushika mwiko hupewa kazi ya maana mapema, na wengine hubaki kusukuma toroli.

Mashirika gani yanaaminika?

Nitataja yale ambayo kazi yake inajulikana. Hakikisha masharti ya mwaka husika kwao wenyewe, maana hubadilika.

Ufaransa kuna REMPART, muungano wa vyama vya kulinda majengo ya kale ulioanzishwa mwaka 1966. Una kambi nyingi kila kiangazi, kuanzia makanisa ya vijijini hadi ngome, na ndio ningeuweka wa kwanza kwa anayetaka kujifunza chokaa na mawe. Ujerumani kuna European Heritage Volunteers, wenye makao Weimar, ambao kambi na kozi zao ziko nchi kadhaa za Ulaya na hupendelea watu wenye msingi fulani wa usanifu, historia au ufundi. UNESCO nayo, kwa kushirikiana na CCIVS, muungano wa kimataifa wa mashirika ya kujitolea, imekuwa ikiendesha kampeni ya watu wa kujitolea katika maeneo ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, na baadhi ya kambi hizo ziko Afrika na Asia.

Kwa anayetaka mwaka mzima, Ujerumani kuna Jugendbauhütten, vituo ambavyo vijana wa miaka 16 hadi 26 hufanya kazi karakana za ukarabati na kuhudhuria semina. Cha kwanza kilifunguliwa Quedlinburg mwaka 1999. Kijerumani kinahitajika kazini, hilo usilipuuze. Upo pia mpango wa weltwärts wa serikali ya Ujerumani, ulioanza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani huku, na tangu mwaka 2013 una upande wa kupeleka vijana wa nchi zetu kule. Unaombwa kupitia shirika la Tanzania lenye mshirika Ujerumani, umri kwa kawaida miaka 18 hadi 28. Nafasi nyingi ni za kusaidia watoto, wazee na watu wenye ulemavu, kwa hiyo ukitaka majengo ya kale uliza mapema kama mshirika wao ana kituo cha namna hiyo.

Njia ya kawaida ya kufika kwenye kambi za kimataifa ni kupitia shirika la nchini mwako. Hapa Tanzania UVIKIUTA, lililoko Chamazi, Dar es Salaam, limekuwa likiendesha kambi za kazi za kimataifa kwa miaka mingi. Anza kwa kuwatembelea.

Nitalipwa? Na nitalipa nini?

Hulipwi. Kwenye kambi fupi, wewe ndiye unayetoa ada ya kujiunga na mchango wa chakula na malazi, ambao kwa mashirika yasiyo ya biashara ni mdogo ukilinganisha na nauli. Mwaka mzima wa weltwärts au wa Jugendbauhütten ni tofauti: una posho ndogo ya kujikimu na bima, na weltwärts hugharimia pia tiketi.

Mzigo mkubwa ni safari. Pasi ya kusafiria ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zikiwamo Ufaransa na Ujerumani, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, ingawa bei ya kuinunua ni ndogo sana kuliko tarakimu hiyo inavyotisha. Kisha tiketi, ambayo ndiyo inayozima ndoto nyingi.

Familia nyingi hapa haziwezi kulipa haya mfukoni, na si aibu. Uliza kila shirika kwa maandishi kama lina nafasi zilizopunguzwa ada kwa waombaji wa Afrika. Mengine yanazo lakini hayazitangazi kwa herufi kubwa. Usikope kwa riba kwa ajili ya kambi ya wiki mbili. Nasema hivi kwa mkazo. Pesa ya kukopa iende kwenye vifaa vya kazi, si kwenye ndege.

Viza inapatikanaje?

Kwanza pasi: utahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, nawe unaomba kwa mtandao wa Uhamiaji. Kwa Schengen, pasi iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Usisubiri siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika 45, na miadi yenyewe wakati wa kiangazi hujaa. Beba barua ya mwaliko inayotaja tarehe, mahali, kazi na nani analipa nini, bima, uthibitisho wa malazi, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni au ya mdhamini wako, na kitu kinachoonyesha una sababu ya kurudi, kama barua ya chuo, ya mwajiri, au ya fundi unayefanya naye kazi pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Sema ukweli kwamba unakwenda kujitolea. Ukiandika "utalii" na barua yako ikasema "kambi ya kazi", umejifungia mlango mwenyewe.

Uingereza, mgeni mwenye viza ya kawaida ya matembezi anaruhusiwa kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa kwa jumla ya siku zisizozidi 30. Zaidi ya hapo kuna viza nyingine inayohitaji mdhamini.

Sijui Kifaransa wala Kijerumani.

Kambi nyingi za kimataifa huendeshwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kuungaunga, maana Mkorea na Mhispania nao wanahangaika. Guédelon ni Kifaransa. Kabla ya kwenda jifunze maneno hamsini ya kazi: jiwe, mchanga, maji, chokaa, ndoo, taratibu, simama, hatari. Mawili ya mwisho kwanza.

Mimi ni Mwislamu. Swala, chakula, na je, nikipangiwa kanisa?

Waeleze kwenye fomu, mapema na waziwazi. Kambi zimezoea watu wasiokula nguruwe na wasiokula nyama kabisa, na kwa kuwa mnapika kwa zamu, siku yako wapikie pilau au wali wa nazi, hakuna atakayelalamika. Muda wa swala hupatikana ukiuomba siku ya kwanza. Angalia kiangazi cha kule: Magharibi inaweza kuingia saa tatu au nne usiku na Alfajiri inarudi upesi, jipange na usingizi.

Kuhusu kanisa, ni jambo la dhamiri yako, na shirika zuri litakupa kazi nyingine ukiomba. Mimi naona hivi: wasio Waislamu wamefanya kazi kwa heshima kwenye misikiti yetu ya kale, na tunawashukuru. Hapa kwetu wageni tunawaomba wavue viatu na wasikanyage makaburi, na kule utaombwa adabu za mahali pao. Zishike.

Mimi ni mzazi. Binti yangu ataishi na wavulana kambini?

Kambi huwa na wote, lakini malazi ya wasichana hutengwa ukiomba, na mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa idhini. Mama, uliza haya: jina la kiongozi wa kambi na namba yake, kama kuna kiongozi mwanamke, wanalala nyumba, shule au mahema, nani anampokea uwanja wa ndege, akiugua anapelekwa wapi na nani analipa. Shirika la kweli hujibu yote bila kukasirika. Likikwepa hata moja, binti asiende.

Kuhusu kazi yenyewe, msimzuie kwa kusema uashi ni wa wanaume. Kuchora, kupima, kujaza viungo na kupaka chokaa kunahitaji mkono mtulivu kuliko mkono mnene.

Kazi hii ni hatari?

Inaweza kuwa. Chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji huchemka na kurusha matone ya moto. Hata iliyozimwa huchoma ngozi yenye jasho na inaweza kupofusha jicho. Vaa miwani na glavu kila wakati unapoishughulikia, hata kama fundi mwenyewe havai. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika nyingi, usisugue, kisha hospitali. Usipande jukwaa ambalo hujaona likikaguliwa. Usisimame chini ya mtu anayefanya kazi juu. Viatu vigumu ni lazima. Kandambili huachwa bwenini. Una haki ya kukataa kazi unayoona ni ya hatari, na kusema "hapana" hakukuondolei nafasi yako.

Nitawajuaje matapeli?

Anayekuhakikishia viza ni tapeli, kwa sababu viza hutolewa na ubalozi peke yake. Anayetaka pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, anayekuambia nafasi inaisha leo usiku, anayetaka kukaa na pasi yako, anayekuahidi kujitolea kisha "tutakutafutia kazi hotelini", wote waache. Kujitolea kunakogeuka kazi ya hotelini au ya ndani bila mkataba ni njia inayojulikana ya usafirishaji haramu wa watu. Pasi yako ikae kwako, nakala iachwe nyumbani.

Wapo pia wasio matapeli kisheria lakini wanaouza kambi kwa maelfu ya dola, na sehemu kubwa ikiwa ni matembezi. Uliza: saa ngapi za kazi kwa siku, fundi ni nani, na nani alitoa kibali cha kugusa jengo? Wakishindwa la tatu, hawafai kabisa.

Nikifika, si ninaweza kubaki huko huko?

Usifanye hivyo. Ukizidisha siku utaishi ukiwakimbia polisi katika nchi usiyoijua, na utafungiwa kuingia tena. Ubaya wa pili unawaangukia wenzako: shirika lililokualika litahofia kualika Mtanzania mwingine, na kijana wa Tanga au Pangani aliyejiandaa kwa miaka miwili atanyimwa kwa sababu yako. Sina lugha laini kwa hili.

Cheti chake kinatambulika? Nitapata ajira?

Utapewa cheti cha ushiriki. Chenyewe peke yake hakikupi ajira. Kinachokusaidia ni daftari: picha za ukuta kabla, wakati wa kazi na baada, vipimo vya mchanganyiko, jina la fundi aliyekusimamia na barua yake. Ukiwa na hilo unaweza kuomba kibarua kwenye miradi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Kilwa, kufanya kazi na wenye nyumba za kale hapa, au kuendelea na masomo ya akiolojia na urithi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waongoza watalii nao wananufaika: ukimweleza mgeni wa Kaole jinsi mihrabu ilivyojengwa, na wewe umewahi kujenga tao kwa mkono wako, atasikiliza.

Nina rafiki mgeni anayetaka kuja kujitolea Bagamoyo. Afanye nini?

Asije na viza ya utalii akaanza kufanya kazi. Wanaojitolea huhitaji kibali cha ukaazi daraja C au kibali kingine atakachoelekezwa na Uhamiaji, na kazi yoyote kwenye magofu inapitia Mambo ya Kale. Akiwa fundi wa chokaa, mkaribisheni mno. Akiwa hana ujuzi, aje na utayari wa kuwa kibarua wa fundi wetu.

Nibebe nini?

Viatu vya kazi vilivyokwisha zoea mguu, suruali mbili ngumu, sweta hata kama ni Julai, kofia, dawa zako na karatasi ya daktari, daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye vumbi la chokaa. Chukua picha chache za Kaole na za Boma. Utaulizwa unatoka wapi, na mafundi watataka kuona kuta zenu.

Nianze lini kwa kiangazi kijacho?

Oktoba na Novemba, shughulikia NIDA, cheti cha kuzaliwa na pasi. Desemba hadi Februari, fanya kazi na fundi hapa, piga picha, andika barua yako ya maombi na mpe mwalimu aisome. Orodha za kambi nyingi za Ulaya hutoka kati ya Februari na Aprili, na zile nzuri hujaa mapema, kwa hiyo omba wiki ya kwanza zinapotoka. Ukipata mwaliko, weka miadi ya viza siku hiyo hiyo. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijagongwa kwenye pasi. Kwa ombi la viza inatosha kuonyesha nafasi uliyoshikiwa na wakala.